Diski inazunguka polepole kuliko hesabu yangu: je, tofauti niiandike kuwa ni msuguano?

Tumaini: Wakuu, naombeni ushauri kabla sijakabidhi ripoti kesho asubuhi. Nina diski ya chuma yenye tungamo la kilo 2 na nusu kipenyo cha mita 0.15, imepachikwa kwenye mhimili wenye beringi, nayo inavutwa ukingoni kwa kani ya nyutoni 4.9. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni 4.9 × 0.15, sawa na nyutoni mita 0.735. Momenti ya inesha, yaani ugumu wa diski kuanza kuzunguka, ni 0.0225, kwa hiyo mchapuko wa mzunguko, yaani jinsi kasi ya kuzunguka inavyoongezeka, ulipaswa kuwa 32.7, kwa kipimo cha radiani kwa sekunde kwa sekunde. Nimepima mara sita na kila mara napata 21.7 au karibu yake. Je, ni sahihi kuandika kwamba torki ya 0.246 iliyopungua imeliwa na msuguano?

Baba Zawadi: Mdogo wangu, torki jumla haitafutwi kwa kani moja. Orodhesha kani zote, kila moja izidishe kwa umbali wake kutoka kitovuni na kwa sini ya pembe kati yake na nusu kipenyo, kisha zinazozungusha kinyume cha akrabu za saa uzijumlishe na zinazofuata akrabu uzitoe. Kani inayoelekea kitovuni haizungushi kitu, hata iwe kubwa namna gani. Mimi somo hili lilinikaa siku nilipousukuma mlango kwa bega karibu na bawaba, huku mtoto ameuzuia upande wa kitasa kwa kiganja kimoja, na mlango haukusogea.

Swila: Tia grisi kwenye beringi, Tumaini, na ripoti nayo itateleza.

Mkufunzi: Kabla hatujaulaumu msuguano, tuambie hiyo 4.9 umeipataje. Ulivuta kwa mizani ya springi?

Tumaini: Hapana. Nimezungusha uzi ukingoni, na kwenye ncha yake unaning'inia mzigo wa nusu kilo. Nusu kilo mara 9.8 ni 4.9, ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja. Isitoshe, neno «msuguano» nimeshaliandika kwa wino na mwenzangu ameshatia sahihi.

Mkufunzi: Hapo ndipo penye tatizo lako lote. Diski haivutwi na mzigo, inavutwa na uzi. Kama ungevuta kwa mkono huku mizani ikisoma 4.9 muda wote, 0.735 ingekuwa sahihi. Lakini mzigo wako unashuka ukiongeza kasi, na hauwezi kuongeza kasi kuelekea chini isipokuwa mkazo wa uzi uwe mdogo kuliko uzito wake. Andika milinganyo miwili, mmoja wa mzigo na mmoja wa diski, uitatue kwa pamoja: mkazo ni nyutoni 3.27, torki ni 0.49, na mchapuko ni 21.8.

Kengele: Samahanini, mimi nina shaka. Kanuni inatoa 21.8 na mwenzetu «amepima» 21.7. Mzigo huo hushuka mita moja kwa sekunde 0.78, na kidole kinachobonyeza saa huchelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Beringi halisi nayo ina msuguano. Ninaamini hakuna diski hapa, kuna swali la mazoezi lililovishwa hadithi.

Baba Zawadi: Kama ni hivyo, ni vibaya. Vipimo vya kubuni ni uongo kama uongo mwingine wowote.

Tumaini: Diski ipo. Sikutumia saa, nilirekodi video ya picha 240 kwa sekunde, na katika kushuka mita moja nilihesabu picha 188, moja baada ya nyingine, nikiutazama ukingo wa chini wa mzigo ukipita alama ya chaki. Kuhusu msuguano, kwa kweli upo, basi kwa nini neno langu lisibaki?

Kengele: Uzi ulipokwisha kuachana na diski, iliendelea kuzunguka kwa muda gani?

Tumaini: Dakika moja na nusu hivi.

Mkufunzi: Basi jibu umejipa mwenyewe. Uzi ulipoachia, diski ilikuwa na kasi ya radiani 17 kwa sekunde. Msuguano wa 0.246 ungeisimamisha ndani ya sekunde 1.6, nayo imekwenda takriban sekunde 90. Kwa hiyo msuguano wako ni kama 0.004, mdogo mno kuwa sababu ya pengo ulilotuletea.

Kengele: Picha 188 zinatoa sekunde 0.783, na hilo linalingana na 21.7. Nakuomba radhi, Tumaini, nilikushuku bure.

Tumaini: Nimekuelewa, Kengele, wala sina kinyongo. Nimempigia mwenzangu simu. Amekasirika kidogo, lakini amekubali. Neno «msuguano» tutalipiga mstari mmoja ili liendelee kusomeka, kisha chini yake tuandike mkazo wa 3.27, na sahihi zote mbili upya. Mkufunzi, ile milinganyo miwili niiweke kabla ya jedwali la picha au baada yake?

Mkufunzi: Kabla. Na ile dakika moja na nusu usiiache nje.