Puti gani kwa vitako vya sanamu ndogo vya kutolea kalibu?

Swali
Wakuu, naunda vitako vya duara vya milimita 32: sakafu ya mawe yaliyopasuka, mizizi, changarawe kidogo. Kitako mama nitakimwagia silikoni nipate kalibu, halafu nitoe nakala za rezini. Nina Milliput na Green Stuff (puti za epoksi za kukanda sehemu mbili), pamoja na plastisini (udongo laini usiokauka). Nishike ipi?

Jibu 1
Mkuu, mawe yape Milliput. Kanda sehemu mbili sawa kwa sawa mpaka michirizi ya rangi iishe kabisa. Palipobaki mchirizi hapagandi. Ikikauka inakubali msasa na kisu, ndiyo maana kingo za jiwe hutoka kali. Nyufa usizichore puti ikiwa mbichi: kisu huinua ukingo mdogo pande zote mbili za ufa, na silikoni inaunakili jinsi ulivyo. Subiri ikauke, kisha kwangua.
Green Stuff ibakize kwa mizizi. Inavutika vizuri ukilowesha kifaa kwa maji, lakini ikikauka ina umpira na msasa huichambua manyoya.

Jibu 2
Plastisini iangalie sana. Nyingi zina salfa, na silikoni ya platini (inayogandishwa kwa kichocheo cha platini) ikigusa salfa haigandi: unafungua kalibu unakuta utando unaonata juu ya kitako chote. Glavu za lateksi huleta balaa hilohilo, vaa za nitrili. Silikoni ya bati (kichocheo chake ni bati) haisumbuliwi na salfa, ila husinyaa zaidi na kalibu yake haidumu sana.
Hata puti ya epoksi iache saa 24 kwanza. Kisha paka tone la silikoni pembeni, pasipoonekana. Likiganda kavu, mwaga.

Muulizaji
Asanteni. Na changarawe?

Jibu 3
Ziba kila upenyo chini ya kokoto. Silikoni ikipita chini na kukutana upande wa pili, itachanika mara tu ukitoa nakala ya kwanza. Mchanga na koki (ile ya vizibo vya chupa) hunywa silikoni, hivyo paka vanishi nyembamba mara mbili.
Ubavu wa kitako uwe mpana chini, mwembamba juu. Kibandike juu ya kioo bila kuacha mwanya, la sivyo silikoni itaingia chini. Anza kwa kupaka silikoni kwa brashi ndani ya nyufa, ndipo umwage taratibu kutoka kona moja ya boksi ulilozungushia kitako, ijae yenyewe hadi milimita 10 hivi juu ya jiwe refu kuliko yote.