Kasualti imejaa hadi verandani: machela za ziada zitasaidia?

mlango_wa_mbele:
Asalaam aleikum wandugu. Nauliza kuhusu kasualti ya hospitali ya daraja la 4 hapa Mombasa. Machela ziko 12, na kuanzia saa 3 asubuhi huingia watu kama 8 kwa saa. Wakubwa wanataka kununua machela 6 zaidi. Na triaji, yaani kupanga wagonjwa kwa uharaka wa hali zao, tufuate ipi?

zamu_ya_usiku:
Wa aleikum salaam. Kabla ya kununua hata moja, hesabuni. Idadi ya walio ndani ni wanaoingia kwa saa mara saa wanazokaa. Wakiingia 8 na kila mmoja akikaa saa 5, mna watu 40. Wakikaa saa 3, wanabaki 24, na hamjanunua kitu.

Kwa wiki moja andikeni nyakati tano kwenye karatasi ya kila mgonjwa: kufika, triaji, kuonwa na daktari, uamuzi wa kumlaza au kumruhusu, na kuondoka. Tumieni saa moja ya ukutani, si simu ya kila mtu. Pengo linalouma sana ni hilo la mwisho: mgonjwa ameshaandikiwa kulazwa, wodi haina kitanda. Akingoja saa 10 juu ya machela amekalia nafasi ya wagonjwa watano ambao kila mmoja angemaliza kwa saa 2. Machela 6 mpya zitajaa wanaongoja wodi vilevile. Na Ramadhani ikiingia hesabuni upya, msidhani saa za msongamano zitabaki zilezile.

nesi_wa_triaji:
Kwa triaji chukueni SATS, mfumo wa triaji wa Afrika Kusini, nesi anaifanya bila kungoja maabara. Anapima pumzi kwa dakika, mapigo ya moyo, presha (ile namba ya juu), joto na fahamu, kisha anaangalia kama mtu anatembea au amebebwa, na kama ameumia. Kila kimoja kina alama zake, zinajumlishwa. Alama 7 kwenda juu ni nyekundu, aonwe papo hapo. 5 au 6 ni chungwa, ndani ya dakika 10. 3 au 4 njano, ndani ya saa 1. Chini ya hapo kijani, ndani ya saa 4. Lakini maumivu ya kifua ni chungwa hata kama alama ni 1.

Mkiona karatasi kumi mfululizo zimeandikwa pumzi 20, jueni hakuna aliyehesabu. Mkono uwekwe kifuani, macho kwenye saa, dakika nzima. Mtoto asipimwe kwa karatasi ya wakubwa: pumzi zake ni za kasi kwa asili, kila mtoto atatoka mahututi. Iko karatasi ya walio chini ya miaka 3 na nyingine ya miaka 3 hadi 12.

Tafadhali, nesi wa triaji asiitwe kuchoma sindano. Na dirisha la malipo lisitangulie triaji. Katiba kifungu cha 43(2) inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Wa kijani wapewe chumba chao, afisa wa kliniki mmoja na viti.

zamu_ya_usiku:
Sawa dada, ila chumba cha kijani kitapunguza benchi tu. Wa kijani hakai kwenye machela.

kitanda_tupu:
Dawa ya msongamano iko wodini. Mgonjwa anaruhusiwa saa 4 asubuhi, anaondoka saa 11 jioni: karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, hazijaisha, dawa za nyumbani hazijafungwa, nduguye bado yuko ng'ambo ya Likoni anangoja feri. Orodha ya wanaotoka kesho iandikwe jioni ya leo, na jioni hiyohiyo ndugu wapigiwe simu na karatasi za bima zianze. Raundi ianzie kwa wanaotoka. Akisharuhusiwa ahamie kwenye chumba chenye viti, kitanda kipigwe klorini.

mlango_wa_mbele:
Shukran sana. Na wodi zikikataa wagonjwa?

kitanda_tupu:
Kasualti ikifika idadi mliyokubaliana, kila wodi ichukue mmoja wa ziada, hata kwenye korido yake. Hospitali ya Stony Brook kule Marekani walianza hivyo. Nesi wa wodi aongezewe mmoja, kuliko nesi wa kasualti kubaki na wanane. Apelekwe aliyetulia, si wa oksijeni wala aliyechanganyikiwa. Barua ya mganga mkuu isainiwe mapema na kubandikwa ukutani, maana saa 8 usiku hakuna wa kuamua ubishi.