Acheni kuzigeuza njozi za watakatifu kuwa fimbo ya kuwapigia Wakristo wenzenu

Ndugu wanajukwaa,

Ninaufungua uzi huu nikiwa nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo, kwa kuwa jambo lenyewe limepita kiasi. Katika vikundi vya sala, kwenye misiba na katika sauti zinazorushwa kwa simu usiku na mchana, njozi za watakatifu zimegeuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi ya Wakristo wa madhehebu mengine. Mtu huchukua sentensi mbili za mtakatifu aliyefariki zamani, akazitenga na yote yaliyotangulia na yaliyofuata, kisha akatangaza kwamba mbingu imekwisha kuhukumu: Walutheri hawamo, Waanglikana hawamo, Waorthodoksi hawamo. Wa upande wa pili nao hujibu kwamba kila aliyemwona Bikira Maria alimwona shetani, na mjadala unafungwa hapo. Lalamiko langu ni moja: njozi hizi zikisomwa nzima huikemea kwanza nyumba ya yule aliyeziona, na wanaozikata ama wanalijua hilo, ama wameamua kutolijua.

Nieleze kilichonichoma. Familia yetu imechanganyika kama zilivyo familia nyingi za Kilimanjaro na Kagera. Upande wa baba ni Wakatoliki, upande wa mama ni Walutheri, na tumeoana na kuzikana bila mtu kuuliza cheti cha ubatizo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mlutheri, akabatizwa Mlutheri na akafariki Mlutheri. Siku za matanga, watu wa kwetu Wakatoliki walipokuja kutupa pole, kiongozi mmoja wa kikundi cha sala, ambaye sitamtaja, aligawa karatasi iliyotolewa nakala kutoka kwenye novena (sala ya siku tisa) ya Huruma ya Mungu, siku ya tano. Karatasi ile ilikatwa vibaya kiasi kwamba ukingoni chini zilionekana nusu za juu za herufi za mstari uliofuata. Akasimama na kuwaeleza waombolezaji kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa walioupasua mwili wa Kristo, na kwamba mtakatifu mwenyewe aliambiwa hivyo na Bwana. Mjomba wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, aliniita kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, ndivyo mnavyofundishwa huko kwenu?"

Sivyo, na ninalijibu swali hilo hadharani.

Mtakatifu Faustina Kowalska alikuwa mtawa wa Poland, aliyefariki mjini Kraków tarehe 5 Oktoba 1938. Katika novena aliyoiandika, kila siku Kristo anamwagiza amletee kundi fulani la roho, na siku ya tano ni zamu ya wazushi na waliojitenga. Ukali wa maneno hayo siufichi: anasema kwamba wakati wa mateso yake waliurarua mwili wake na moyo wake, yaani Kanisa lake. Hata hivyo maneno hayo hayo yanaendelea kusema kwamba kadiri wanavyorudi kwenye umoja, majeraha yake yanapona. Baada ya hapo inakuja sala, ambayo ndiyo iliyokatwa kwenye karatasi ile, ikimwomba Yesu awapokee wote hao katika moyo wake, na kumwomba Baba asiyaangalie makosa yao. Ubeti wake unasema kwamba hata kwa wale waliolirarua vazi la umoja, chemchemi ya huruma hububujika kutoka moyoni mwake. Siku nzima ilitolewa ili watu hawa waombewe, na mtu akaitumia kuwaambia wafiwa kwamba marehemu wao hastahili sala. Ninashindwa kulipa jina la upole tendo hilo.

Wenye kuitumia ibada hiyo kama rungu wangepaswa pia kujua kwamba kuanzia mwaka 1959 hadi 1978 Roma yenyewe ilizuia kuenezwa kwake kwa namna iliyotokana na maandishi ya Faustina. Njozi ya mtu binafsi, hata ya mtakatifu, haiongezi chochote katika imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalisema hilo katika kifungu cha 67, na kanuni zilizotolewa Vatikani tarehe 17 Mei 2024 zimezidi kuwataka maaskofu wasikimbilie kutangaza kwamba jambo fulani limetoka mbinguni. Kuhusu utengano wenyewe, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulikwisha kusema mwaka 1964 kwamba lawama haikuwa ya upande mmoja, na kwamba wanaozaliwa leo katika jumuiya hizo hawawezi kushtakiwa kwa dhambi ya kujitenga. Bibi yangu alizaliwa karne nne baada ya Luther. Je, kiongozi wa kikundi cha sala ana mamlaka gani ya kumshtaki kwa jambo ambalo mtaguso umekataa kumshtaki?

Njozi nyingine inayotumiwa vibaya ni ya Mtakatifu Petro, askofu wa Aleksandria huko Misri, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 311. Simulizi ya maisha yake inasema kwamba akiwa gerezani alimwona Kristo katika umbo la mtoto wa miaka kama kumi na miwili, amevaa vazi la kitani lililochanika kutoka shingoni hadi miguuni, naye anazikutanisha pande mbili kwa mikono yake ili asionekane uchi. Petro akauliza ni nani aliyemchania vazi, akajibiwa kwamba ni Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Kristo si sawa na Baba. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka simulizi hiyo, kwa kuwa mabishano ya Ario yalipamba moto miaka kadhaa baada ya kifo cha Petro na kufikishwa kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba kila kundi linalogombana na jirani yake humwita jirani huyo Ario, wala halimwangalii mtoto. Itazameni picha hiyo inavyochorwa katika makanisa ya Kiorthodoksi: mtoto hana fimbo mkononi, ana kazi ya kushikilia kitambaa kilichochanika. Anayefurahi kumpata wa kumlaumu, huku Bwana wake akiwa bado amesimama hivyo, ameiona njozi ya nani?

Kiti hicho hicho cha uaskofu cha Aleksandria leo kinapasuka mbele ya macho yetu, na hapa hakuna Mlutheri wala Mpentekoste wa kusingiziwa. Mwaka 2019 Patriarki (askofu mkuu) wa Aleksandria alilitambua Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine, na Desemba 2021 Moscow ikajibu kwa kuanzisha eksarkia yake, yaani jimbo lake la kanisa, barani Afrika na kuwapokea mapadre waliokuwa chini ya Aleksandria, wakiwamo wa Kenya. Watu wenye imani ile ile ya Nisea, Liturujia ile ile na watakatifu wale wale sasa wana madhabahu mbili kwa sababu ya ugomvi ulioanzia mbali kabisa na vijiji vyao. Nimewasikia watu wa pande zote mbili wakimtaja Petro wa Aleksandria. Sijamsikia aliyejiuliza kama vazi limechanika mkononi mwake.

Njozi ambayo ninamwomba kila mmoja wenu aisome hadi mwisho ni ya zamani kuliko hizo zote, na ni ya Afrika. Mwaka 203 mjini Karthago, katika nchi ya Tunisia ya leo, walifungwa wakatekumeni kadhaa, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, miongoni mwao Perpetua, mama wa miaka kama 22 aliyekuwa bado ananyonyesha, na Felisita, mtumwa aliyejifungua akiwa gerezani. Saturo, mwalimu wao, alijisalimisha mwenyewe ili awe pamoja nao. Wahubiri hupenda njozi ya Perpetua, ile ya ngazi yenye silaha pembeni na joka chini yake. Ile ya Saturo, ambayo kumbukumbu ya kifo chao inasema aliiandika kwa mkono wake, sijawahi kuisikia mimbarini.

Anasimulia kwamba yeye na Perpetua walichukuliwa na malaika wanne hadi kwenye bustani, wakaingizwa mbele ya kiti cha enzi, na walipotoka waliwakuta mbele ya mlango askofu Optato upande wa kulia na padre Aspasio upande wa kushoto, wametengana, na wote wawili wana huzuni. Viongozi hao wakaanguka miguuni pao wakisihi, "Tupatanisheni, kwa kuwa mmeondoka na kutuacha hivi." Wafiadini wakashangaa, wakawauliza: wewe si baba yetu, na wewe si padre wetu, hata mtuangukie miguuni? Wakawakumbatia, Perpetua akaanza kuzungumza nao kwa Kigiriki, wakawavuta kando chini ya mti wa waridi. Malaika wakaingilia kati: waacheni hawa wapumzike, na kama mna ugomvi baina yenu, sameheaneni. Kisha askofu akaambiwa awarekebishe watu wake, kwa sababu wanakusanyika kwake kama watu wanaotoka uwanjani kwenye mashindano ya farasi, wakibishana juu ya timu zao. Saturo anaongeza kwamba ilionekana kana kwamba malaika walitaka kuifunga milango.

Angalieni ni nani aliyebaki nje. Si mpagani, si mzushi, si mtu wa dhehebu la jirani. Ni askofu halali na padre halali, wenye mafundisho sahihi, waliozuiwa na ugomvi wao. Malaika hawakuuliza ni nani kati yao mwenye haki, na kumbukumbu haisemi hata ugomvi ulihusu nini. Jambo hilo lilionwa na mtu aliyekuwa akisubiri kutupwa kwa wanyama, miaka zaidi ya mia nane kabla ya Roma na Konstantinopoli kutengana mwaka 1054, na zaidi ya 1,300 kabla ya Luther. Mtu anayetaka kujua njozi za watakatifu zinasema nini juu ya mafarakano yetu aanzie hapo, kabla hajagusa nyingine yoyote.

Nawageukia sasa ndugu zangu Wapentekoste, maana sitaki mtu afikiri kwamba ninawalaumu wa kwetu peke yao. Mnasema njozi za watakatifu ni udanganyifu, ilhali hakuna wiki inayopita bila mchungaji fulani kutangaza kwamba ameonyeshwa jambo. Makanisa mangapi katika miji yetu yalianza kwa mtu mmoja kusema ameagizwa kwa njozi atoke alipokuwa na kufungua lake? Ugonjwa huu si mpya, na uliwahi kutajwa Afrika hii hii. Wadonati wa Afrika Kaskazini waliojitenga katika karne ya nne walijitetea kwa miujiza na ndoto, na Mtakatifu Augustino akawajibu kwamba Kanisa halithibitishwi kwa sababu ndugu fulani ameona njozi akiwa macho au dada fulani ameota akiwa usingizini. Jibu hilo linamhusu nabii wa mtaani kwenu, na linamhusu vilevile Mkatoliki mwenye karatasi ya nakala. Na kama mnaikubali Biblia peke yake, basi someni Matendo ya Mitume sura ya 10: njozi aliyopewa Petro juu ya dari ilimtoa kwake na kumpeleka nyumbani kwa Kornelio, mtu ambaye hadi asubuhi ile asingethubutu kuingia kwake.

Kibeho inaniuma kuliko zote, kwa hiyo nitaitaja kwa ufupi. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana huko kusini mwa Rwanda, Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na Mama wa Neno, yaani Bikira Maria. Agosti 1982 waonaji walilia mbele ya umati, wakisema wanaona damu na watu wakiuana. Wakatoliki walijivunia kutembelewa, wengine wakabeza. Aprili 1994 watu walichinjwa na kuchomwa ndani ya kanisa la parokia hiyo hiyo, na katika nchi nzima waliouawa na waliowaua kwa sehemu kubwa walikuwa watu waliobatizwa. Askofu Augustin Misago aliyathibitisha matokeo hayo mwaka 2001. Ujumbe wake ulikuwa toba. Leo bado nawakuta watu wakiitumia Kibeho kuthibitisha kwamba Kanisa lao ni la kweli kuliko la jirani, na siwezi kuvumilia hilo.

Papa Paulo VI alipowatangaza wafiadini wa Uganda, Karoli Lwanga, Matias Mulumba na wenzao 20, kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwaweka pamoja na Perpetua na Felisita wa Karthago, kisha akasema wasisahauliwe Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Vijana wa pande zote mbili, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Haikutimia miaka sita, na Januari 1892 ndugu zao, Wakatoliki walioitwa Wafaransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza, walikuwa wakipigana kwa bunduki pale Mengo.

Ninawataka viongozi wa vikundi vya sala waache kugawa vipande vya maandishi ya watakatifu kwenye misiba ya watu, na ninawataka mapadre na wachungaji wanaolijua jambo hili walikemee mimbarini kwao wenyewe, si kwa jirani. Atakayenijibu katika uzi huu kwa njozi ya mtakatifu yeyote, aiweke nzima, pamoja na sala iliyofuata, na aeleze ilimwagiza nini yule aliyeiona kuhusu watu wa Kanisa lake mwenyewe.