Mbio za baiskeli za kwenye skrini: pesa niweke kwenye inverta au kwenye nauli?

Mpanda Sipi (Mbale)

Wakuu, salamu. Nina miaka 22, naendesha baiskeli ya mbio na nimepanga chumba hapa Mbale. Zamani nilikuwa boda wa baiskeli pale Busia, nikivusha watu na magunia mpakani, kwa hiyo miguu hii niliipata kazini. Mara mbili kwa wiki napanda hadi Kapchorwa kupitia Sipi, na mvua ikinyesha narudi nimepakwa matope hadi masikioni.

Mwaka huu kuna mgeni aliyemaliza kazi yake hapa akaniachia mashine ya kuendeshea ndani. Unatoa gurudumu la nyuma, unafunga baiskeli pale, cheni inazungusha mashine. Yenyewe inapima wati zako, na mlima ukitokea kwenye skrini inakaza pedali. Nimeibana kati ya kitanda na mtungi wa maji. Skrini ni simu ya zamani ya dada yangu, nimeiegemeza kwenye kreti ya soda. Mpaka sasa nimeshindana mara kumi na moja kwenye Zwift, ile programu ya mbio za baiskeli za mtandaoni.

Sasa sikieni ya Jumanne. Mbio za kilomita 32. Kwenye kilomita ya 24 niko kundi la mbele, tumebaki watu kumi na wanne, jasho linadondoka kwenye simenti tap tap. Umeme ukakatika. Pedali zikawa nyepesi ghafla kama cheni imekatika, kidogo nigonge meno kwenye usukani. Feni ikazima. Lakini simu ina betri yake, kwa hiyo nilibaki namtazama yule mtu wangu wa kwenye skrini akipunguza mwendo, akisimama, akishusha mguu chini kama anayesubiri taksi, na kundi likipotelea konani. Jirani akauliza dirishani, "Umeshindwa na nani leo?"

Nina shilingi laki saba, nimezikusanya tangu Januari. Naweza kununua inverta na betri ili jambo hili lisijirudie, au nizitunze ziwe nauli na chakula cha kwenda kushindana Kenya na Rwanda. Kapteni wa klabu yetu anasema hiyo mashine ni mchezo wa video wa watoto wa matajiri. Mimi nauliza: wale wa kulipwa kweli wanashindana humo, au wanaonyesha jezi tu? Na timu inaweza kumwona mtu kupitia humo?

Nina kilo 57 (nimejipima kwenye mizani ya duka la mahindi, ni mizani ya haki). Dakika ishirini nashikilia wati 265.

---

Cheni Kavu (Jinja)

Kapteni wako amesema nusu ya ukweli. Mimi niliacha siku nilipopitwa mlimani na jamaa ninayemjua, ana tumbo la kilo 90, humo ndani ameandika 64. Programu inamwamini! Ukipunguza kilo kwa kidole mlima unalainika. Nunua tairi.

---

Fundi wa Malaba

Kijana wangu wa Mbale, ngoja nikujibu taratibu, leo dukani hakuna wateja.

Wa kulipwa wanashindana, na si kwa mzaha. Ilianza kushika kasi korona ilipofunga barabara. Aprili 2020, siku ambayo mbio kubwa za barabarani za Ronde van Vlaanderen zingekimbiwa Ubelgiji, waendeshaji 13 walipanda mashine kila mmoja nyumbani kwake, wakakimbia kilomita 32 za mwisho za njia ile. Greg Van Avermaet, bingwa wa Olimpiki wa Rio, akashinda. Julai ikaja Tour de France ya kwenye skrini, hatua sita kwenye Zwift, kwa sababu ile halisi ilikuwa imesogezwa hadi mwisho wa Agosti. Wanawake walikimbia njia zilezile na umbali uleule wa wanaume. Jambo hilo barabarani lilikuwa bado ndoto.

Desemba mwaka huohuo UCI, shirikisho la dunia, likatoa jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia, kwa mchezo huu. Wa kwanza kuivaa upande wa wanawake ni Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwa wanaume alishinda Jason Osborne, Mjerumani, na huyu alikuwa mpiga makasia. Mwaka uliofuata akachukua fedha ya makasia Olimpiki ya Tokyo, kisha akaingia timu ya baiskeli ya kulipwa. Kwa hiyo kapteni akisema ni mchezo wa watoto, mwambie mtoto mmoja ana medali ya Olimpiki.

Ila mfano ninaotaka ukae nao ni Jay Vine wa Australia. Mwaka 2020 alishinda Zwift Academy, shindano la kutafuta vipaji ambalo zawadi yake ilikuwa mkataba na timu ya kulipwa. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia wa kwenye skrini, na mwaka huohuo akashinda hatua mbili za Vuelta, yale mashindano makubwa ya Hispania, zote milimani. Septemba 2025 nilifunga duka nikapanda basi kwenda Kigali kwenye mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mbio za kupambana na saa nilisimama kwenye kona moja ya mlima, nimekula mahindi mawili ya kuchoma. Mbelgiji Evenepoel alipita kama pikipiki, akachukua dhahabu. Aliyekuja wa pili ni Vine. Nilimwangalia miguu tu, mabega hayatikisiki hata kidogo. Nikasema moyoni, huyu ndiye waliyempata kwa kusoma namba.

Sasa uchungu wake. Wati 265 kwa kilo 57 ni 4.6 na kidogo kwa kila kilo. Kwa klabu zetu ni nzuri sana. Wapanda milima wa kulipwa wanashika 6 au zaidi kwa dakika ishirini, yaani wewe ungehitaji kama 340. Sikukatishi tamaa, una miaka 22, na Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mholanzi unayeshindana naye yuko usawa wa bahari kabisa, hewa imemjaa, na skrini haitofautishi. Lakini namba hiyo lazima iwe ya kweli. Mashine yako umeisawazisha lini? Ipashe moto dakika kumi ndipo uisawazishe kwenye programu yake, la sivyo hizo 265 zinaweza kuwa 250, au 280, na wewe hujui unafurahia nini.

Cheni Kavu, udanganyifu upo na wanaufuatilia. Mwaka 2019 bingwa wa Uingereza wa mchezo huu, Cameron Jeffers, alinyang'anywa taji, akafungiwa miezi sita na kutozwa pauni 250. Alikuwa ametumia programu ya kompyuta ikamwendeshea kilomita ili apate baiskeli yenye kasi humo ndani. Kwenye mbio kubwa unajirekodi video ukipanda mizani, na wati zinapimwa na vifaa viwili kwa pamoja. Fainali ya dunia ya 2024 waliwakusanya wote Abu Dhabi, ukumbi mmoja. Yule Osborne akashinda tena, mbele ya macho ya watu.

Na hao wa kilo 80 wanaokuacha tambarare, hawadanganyi. Pale zinahesabiwa wati zote, hazigawanywi kwa kilo. Chagua mbio zinazomalizikia mlimani. Programu ikikupa kile kinyoya, msaada wa muda mfupi wa kupunguza uzito humo ndani, usikitumie kabla mlima haujasimama, maana kinadumu sekunde 15 tu.

---

Dada wa Pedali (Kampala)

Fundi ameongea vizuri ila amesahau kona.

Mimi nilikaa na mashine miezi mitatu nikiuguza kifundo cha mkono. Nilitoka nina nguvu kuliko wakati wowote. Jumapili ya kwanza kurudi barabarani, njia ya Masaka, tumepita Mpigi, niko wa tatu kwenye mstari, aliyekuwa mbele yangu akakwepa shimo. Kwenye skrini ukimgusa mtu unapita katikati yake kama mzimu. Mimi tairi langu lilimgusa la nyuma, nikaenda chini na wanne nyuma yangu. Nguvu nilikuwa nazo. Macho ndiyo yalikuwa yamelala. Mkono wangu wa kushoto hadi leo una alama ya lami.

Kwa hiyo mdogo wangu, mashine itakupa namba ya kumwandikia kocha wa nje bila kuomba viza. Haitakufundisha kukaa kwenye kundi la watu sitini upepo ukipiga ubavuni, wala kushuka Sipi kwenye mvua, na hilo la pili tayari unalo, usilichezee. Charles Kagimu, aliyekimbia mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na jezi yetu, mimi nilimjua kwa matokeo ya barabarani. Kocha yeyote mwenye akili akiona wati zako swali lake la pili ni: umemaliza wa ngapi, wapi?

Kuhusu umeme: usinunue inverta kubwa. Kinachokula betri ni feni. Mashine na simu zinakula kidogo tu. Tafuta inverta ndogo na betri iliyotumika, mbio ni saa moja hivi, itatosha. Data pia haiishi sana wakati wa mbio, kinachoimaliza ni kushusha programu na masasisho yake, hayo yafanyie mahali penye waifai ya bure. Feni tafuta mtoto wa jirani na kipande cha boksi.

---

Mpanda Sipi (Mbale)

Asanteni wote. Fundi, nimesawazisha jana usiku kama ulivyosema, baada ya dakika kumi. 265 zimekuwa 257. Nilikaa kitandani kimya kidogo.

Dada, pole kwa mkono. Hesabu yangu sasa ni hii: laki mbili na nusu betri ya mtumba na inverta ndogo, zilizobaki nauli. Kuna mbio upande wa Kenya mwezi ujao, kapteni mwenyewe anakwenda na amesema nafasi ipo kwenye gari nikichangia mafuta. Sijamwambia bado kuhusu Osborne, nangoja tukae pamoja saa nne barabarani asipate pa kukimbilia.

Mtoto wa jirani ameshakubali kazi ya boksi, anataka chapati mbili kila mbio. Fundi, Jumamosi nitapita Malaba. Una kaseti ya gia kumi na moja ya bei ya kibinadamu? Iliyopo kwenye mashine imeanza kuruka jino.

---

Fundi wa Malaba

Ninayo, imetumika lakini meno mazima. Njoo kabla ya saa sita, baada ya hapo malori yanaziba njia. Njoo na cheni yako pia niipime, kaseti hairuki bure.

---

Cheni Kavu (Jinja)

Chapati mbili kwa saa? Huyo mtoto analipwa kuliko mimi.