Naomba ushauri: Jimny inatikisika usukani, nianze na bushi au beringi?

Assalamu alaykum wakuu. Nipo Wete, Pemba, natumia Suzuki Jimny ya ekseli nzima mbele. Ikifika spidi 60 na tairi ikapiga shimo, usukani unacheza kama cherehani mpaka nipunguze mwendo. Njia ya Micheweni ni mawe matupu, mnaijua wenyewe.

Tairi zimebalansiwa, hali ni ileile. Nikalala uvunguni, kijana akawa anazungusha usukani kushoto kulia injini ikiwa imewashwa. Ile fimbo ya kulalia inayoshika ekseli isiende upande, bushi yake imekwisha: boliti inahama kabla ekseli haijasogea. Tairi la kulia nikiliinua kwa jeki na kulitikisa juu na chini, linacheza, na hata breki ikikanyagwa linaendelea kucheza. Breki ingeuzuia mchezo wa beringi ya tairi, kwa hiyo si hiyo; nahisi ni za kingipini, yaani beringi za pini ambazo tairi hugeukia kushoto na kulia.

Fundi wangu anataka afunge shokapu mpya ya stelingi (ile inayotuliza mtikisiko wa usukani) basi. Mimi naona huko ni kuficha ugonjwa.

Bajeti haizidi laki tatu. Naweza kubadilisha bushi za fimbo peke yake kwanza, kingipini zisubiri? Bushi za mpira za mtumba kutoka Dar zinadumu, au nijikaze ninunue mpya? Na kwa Unguja au hapa Pemba, nani ana presi ya kuzitoa bila kuikata fimbo kwa gesi? Shukrani.