Nimeuziwa springi za Hilux "mpya", siku ya tisa imekatika, na rangi ya duka imo ndani ya ufa

Wakuu, heshima zenu.

Uzi huu nimeuchelewesha siku nne makusudi. Nilitaka hasira zishuke kwanza ndipo niandike. Hazijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Niko Ujiji, Kigoma. Nina Hilux ya kizamani, LN106, injini ya 3L, nimeachiwa na marehemu mzee. Kazi yake inajulikana mtaa mzima: inapeleka madumu ya mawese Uvinza, inarudi na chumvi. Anayebeba chumvi anajua inavyokula gari. Funika turubai, tandika nailoni, bado vumbi lake litapenya kwenye maungio ya bodi, likikutana na unyevu wa masika linakuwa maji, linashuka kwenye springi na kukaa kati ya jani na jani, yaani yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi za mzee zilikwisha kwa namna hiyo. Nyuma ilikuwa imebonyea, tairi linagusa bodi kila shimo, na upande wa kulia jani la tatu lilishakatika, limeshikiliwa na klipu tu.

Nikakusanya hela miezi mitatu. Miezi mitatu, mzigo kwa mzigo.

Duka silitaji, liko hapa hapa mjini. Nilimwambia muuzaji kwa mdomo wangu: "Bosi, kama ni mtumba niambie ni mtumba, nitanunua, ila nijue." Akaingia nyuma, akatoka na seti mbili nyeusi tii, zinang'aa. "Hizi mpya kaka, hazijawahi kufungwa kwenye gari." 600,000 kwa pande zote mbili, na 95,000 nyingine ya yubolti nne (zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) na bushi za mpira. Risiti akaandika kwa kalamu. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, eti mtandao umekata.

Sina ugomvi na mtumba, hilo lieleweke. Springi ya mtumba iliyotoka kwenye gari ambalo halikuteswa na mizigo inaweza kukuzidishia maisha kuliko mpya ya ovyo. Lakini mtumba una bei yake, na unaununua kwa macho yake: unaigeuza, unaigonga usikie mlio, unapitisha kidole kila jani. Ukiambiwa mpya unalipa, unapakia, unaondoka. Huyu bwana alichoniibia si hela peke yake, aliniibia na ile nafasi ya kukagua.

Kufunga nilifunga mwenyewe, Jumapili, chini ya mwembe nyumbani. Naeleza nilivyofanya ili mtu asije hapa na hadithi ya kufunga vibaya; kazi hii nimeifanya na mzee tangu nina miaka kumi na minne. Tairi za mbele nikaziwekea mawe. Jeki chini ya difu, stendi mbili chini ya chesisi mbele ya mkono wa springi, jeki ikabaki kushika ekseli tu, ipande na kushuka ninavyotaka. Nikafungua shokapu kwa chini. Nikaachia na kile kifimbo cha valvu ya breki kinachoshikana na ekseli, ambacho wengi wanakisahau mpaka kinapinda. Yubolti za zamani zilikuwa zimegandana na nati. Nilizimwagia dizeli na oili tangu Jumamosi jioni, asubuhi mbili zikakubali, mbili nikazikata kwa grainda. Hakuna hata moja niliyoirudisha. Yubolti ikishakazwa sawasawa inavutika, ukiirudisha haishiki kama mwanzo, na ikilegea, senta bolti, ile inayopita katikati ya majani yote, ndiyo inayobaki kuzuia ekseli peke yake. Haiwezi, itakatika.

Pini ya jicho la mbele kulia, jicho ndiyo ile pete ya mwisho wa springi, ilinila saa mbili na nusu. Nyundo ya kilo nne, mpwa wangu anashika tochi, kutu inatudondokea usoni. Mwisho ikatoka na nusu ya bushi imeng'ang'ania juu yake. Nikasafisha, nikaweka springi, kichwa cha senta bolti kikaingia kwenye tundu lake pale juu ya ekseli. Nati za macho ya springi sikuzikaza mpaka gari lilipokaa chini kwa uzito wake, maana ukizikaza likiwa juu, bushi ya mpira inabaki imejinyonga muda wote na haichelewi kuchanika. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Kidahwe nikaingia tena uvunguni kujaribu yubolti zote. Zilikuwa ngumu kama nilivyoziacha.

Dalili ya kwanza ilijitokeza pale pale uani. Gari tupu, limelala kulia. Nikachukua futi, nikapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi: kushoto na kulia zimepishana sentimita mbili na nusu. Springi mpya, aina moja, nimenunua siku moja, duka moja! Nikampigia. "Zikibeba mzigo mara mbili tatu zitalingana zenyewe kaka." Akakata simu.

Siku ya tisa tunarudi kutoka Uvinza. Mifuko kumi na miwili ya chumvi, ya kilo 50, yaani kilo 600, kwenye pikapu inayohesabiwa kubeba karibu tani moja. Hatujafika Kazuramimba, tuko juu ya lami, hakuna shimo wala tuta. Paa! Mlio mmoja kama wa bunduki. Nyuma ikaruka upande, usukani ukanivuta, nikaacha mafuta, nikalikokota mpaka pembeni. Mpwa wangu alikuwa kiti cha kushoto, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na sita. Niliposhuka nikakuta ekseli upande wa kulia imerudi nyuma, tairi limeegemea bodi, na lile paipu la mpira la breki limenyooka, limekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Bado kidogo lichomoke. Dakika hiyo hiyo basi likatupita kwa kasi, likapiga honi.

Kukodi gari la kufaulisha chumvi, 80,000. Kulivuta langu mpaka Ujiji, sitaki hata kutaja.

Sasa sikilizeni. Usiku huo huo nilivua ile springi. Jani la kwanza, lile lenye macho, limekatika kiganja na nusu kutoka jicho la mbele. Si kwenye tundu la senta bolti, ambako ningekubali kuulizwa habari za kukaza. Nikachukua kipande nikakisogeza kwenye taa. Sehemu ya chini ya mkato inameta, chembechembe kama sukari. Huo ndio uliokatika siku ile. Sehemu ya juu, kama theluthi ya unene, nyeusi. Nikadhani kutu. Nikakwangua kwa ukucha, ikatoka ganda.

Rangi. Ile ile rangi nyeusi ya dukani, imepenya ndani ya ufa na kukaukia humo.

Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya rangi. Mtu alishika kopo, akapulizia juu ya ufa, springi ikaanikwa, ikafungwa waya, ikaletwa dukani, ikaitwa mpya, nikalipa, nikampakia mtoto wa dada yangu.

Nikaosha majani yote kwa thina. Chini ya rangi kuna alama ya moto, bluu inayoelekea kahawia, upana wa vidole vinne, na jani limekatika ukingoni mwa alama hiyo. Ncha za majani ya chini zimechimba mifereji kwenye majani ya juu yake, mtu unaingiza ukucha. Mfereji ule ni kazi ya miaka, hauchimbiki kwa siku tisa. Na sentimita zile mbili na nusu nazo nikazielewa: hizi ni springi zilizolala, zikapashwa moto na kupindwa upya kwa nyundo, kila moja kwa jicho la aliyekuwa anaipinda.

Nyie mnaopasha springi kwa gesi, na mpo, mnajijua, naomba mnisikilize bila ubishi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa mpango: kinapashwa, kinazimwa kwenye oili, halafu kinapashwa tena kwa moto mdogo unaopimwa ili kiwe kigumu bila kuwa cha kukatika. Ukikipiga moto mpaka kiwe chekundu sehemu moja, mapishi ya pale yameharibika. Ukikiacha kipoe chenyewe kinalegea na kulala tena. Ukikimwagia maji kinakuwa kama kioo. Na pale ugumu wa zamani unapokutana na sehemu uliyoiharibu ndipo ufa unapoanzia. Anayetaka springi inyanyuke aongeze jani au abadilishe, na kama anaipeleka kupikwa upya iwe kwa mtu mwenye tanuru na oili, anayefanya springi nzima. Chini ya mti kwa mtungi wa gesi hapana.

Nikarudi dukani na vipande viwili mkononi. La kwanza: "Kaka, umezidisha mzigo." Nikamwonyesha rangi ndani ya ufa. Akatazama, akakigeuza, akanirudishia. "Mimi naletewa hivyo hivyo." Basi nirudishie hela yangu, wewe umfuate aliyekuletea. Akanyoosha kidole ukutani, kuna karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hiyo karatasi ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na hakuna upotoshaji ulio wazi kuliko kuuza kilichotumika na kupasuka kwa jina la kipya. Karatasi ya ukutani haifuti sheria. Na safari nyingine yeyote anayeniambia mtandao wa mashine umekata, nitakaa kwenye benchi lake mpaka urudi, kwa sababu leo ushahidi wangu wa manunuzi ni kipande cha daftari kisicho hata na jina la duka. Aliandika "springi pc 2". Hakuandika mpya. Alijua anachofanya.

Msiniambie nisamehe niendelee na maisha, nimeshaambiwa na majirani. 600,000 naweza kuzitafuta tena. Paipu lile la breki nikilikumbuka silali.

Vipande viko stoo, nimevifunga kwenye gazeti ili rangi isikwanguke, na seti ya kushoto nimeivua pia, siipandi tena. Jumatatu navipeleka kwa afisa biashara wa manispaa, na Tume ya Ushindani nawaandikia, na picha naambatanisha. Kama kuna mwingine hapa Kigoma, Kasulu au Kibondo aliyenunua springi nyeusi za namna hii miezi ya karibuni, achukue thina na kitambaa leo hii, aoshe jani la juu kuanzia jicho la mbele mpaka kwenye yubolti, atazame kwa tochi. Akikuta alama ya moto apige picha aiweke hapa, na gari asilipakie.