Ulishawahi kumtunza msanii au mchezaji kwa hela yako? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kona: Wakuu, kuna jamaa wa komedi namfuatilia, kaweka lipa namba chini ya video. Koment zimejaa "unajua sana kaka". Sasa nauliza, waliotuma hata jero wapo? Nimekumbuka mechi za ndondo za mtaani, ukifunga goli watu wanaingia uwanjani na buku buku mpaka refa anapuliza filimbi analalamika.

Winga Teleza: Umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa nachezea timu ya mtaa, nikifunga hela nachomeka kwenye soksi, siku nzuri natoka nimevimba miguu kwa noti. Robo fainali beki kanikata, mguu ukalia kha! uwanja mzima ukasikia. Nikafungwa hogo (plasta), likaundwa grupu la michango, siku ya kwanza watu wanatuma, wanaandika "jembe letu pole", siku ya pili ni emoji za mikono tu, ya tatu "fulani left", "fulani left". Na zile zilizopatikana mweka hazina alizima simu, hospitali wananidai, mama akauza cherehani yake. Watu wale wale wa soksi.

Bi Hamida: Pole mwanangu. Shabiki analipia raha ya pale pale, mguu wako si raha yake.

Dogo Mtata: Hata goli la mama la 2023, zile hela za Rais Samia kwa Simba na Yanga, ilianza na milioni 5 kwa goli, kipa akidaka penati je?

Mwananchi Halisi: Hela ilikuwa ya timu nzima, acha kupotosha. Na mashabiki wanachanga, Yanga enzi za kocha Zahera tulichangia timu ikiwa haina kitu.

Mnyama: Mlitembeza bakuli utopolo nyie 😂

Mwananchi Halisi: Kolo wa Simba kaa kimya, wewe kadi ya uanachama tu hujalipia.

Bi Hamida: Mimi taarabu nimetunza sana, ila niwaambie ukweli, sikuwa namtunza muimbaji. Unainuka na noti ya elfu kumi, unaipeperusha, unapita taratibu mbele ya meza ya fulani, wimbo umefika pale panapomchoma, ndo unamwekea muimbaji. Nyumbani sikiliza redio bure, nani atatuma hela hamna anayemuona?

Mnyama: Ndo maana TikTok laivu jina linatokea kwenye skrini. Ila wenyewe wanakata karibu nusu.

Kaka Ubungo: Mzee wa Kona mwambie aitoe hiyo lipa namba, ataonekana ombaomba.

Dogo Mtata: Asitoe! Awe anasoma majina ya waliotuma, na wasiotuma pia.

Mzee wa Kona: Winga, mguu ulipona?

Winga Teleza: Ulipona, naendesha bajaji. Juzi abiria kanitambua, kalisimulia goli langu la kichwa kutoka Mwenge mpaka Tandale, kufika akaomba nimpunguzie mia tano.

Mnyama: Huyo lazima Yanga.